Mwanangu ana mapepe darasani, bibi yake anasema ni mwezi

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kigoma mjini, kazi yangu ni dagaa. Nanunua mwaloni alfajiri, naanika, wakikauka nauza kwa wanaosafirisha kwa treni. Mume wangu ni mvuvi. Ninayekuandikia habari zake ni mwanangu wa pili, naomba umwite Baraka ingawa si jina lake. Ana miaka saba, yuko darasa la kwanza.

Toka shule zifunguliwe Januari nimeshaitwa mara nne. Mara ya kwanza mwalimu wake aliniambia kwa upole, "Mama, huyu mtoto ana mapepe." Nikaomba radhi kama mtu aliyevunja chombo cha watu. Mara ya pili na ya tatu upole ulikuwa umeshapungua. Anasema Baraka hakai kwenye dawati, ananyang'anya wenzake penseli, akiambiwa asubiri zamu yake analia au anapiga. Wakiandika ba be bi bo bu, yeye anafika "be", halafu ameshahamia dirishani kuangalia bodaboda. Mara ya nne nilionyeshwa daftari. Ukurasa mzima una herufi tatu na mtumbwi aliouchora vizuri sana, una mpaka taa zake. Darasa lao lina watoto 112. Mwalimu aliniuliza, "Nikihangaika na huyu mmoja, hao 111 nimwachie nani?" Sikuwa na jibu.

Shangazi, nakiri nimemchapa, kwa mkono na kwa fimbo ya mpera. Siku ile ya nne nilimwambia mwalimu mbele ya mtoto, "Mchape, nimekupa ruhusa, na mimi nitamalizia nyumbani." Baraka alitazama chini tu, akawa anakwangua ukuta kwa kucha.

Bibi yake, mama yake mume wangu, anasema mtoto anapandwa na mwezi. Anasema amemchunguza: mwezi ukiwa mkubwa Baraka ametulia, hata kuoga haoni tabu. Mwezi ukizima, giza likashika, anakuwa kama amepakwa upupu. Anataka tumpeleke kwa mtaalamu mmoja, anadai shilingi 60,000. Mume wangu anasema ni upuuzi, lakini yeye yuko ziwani, mimi ndiye ninayeitwa shule. Na nikizikumbuka zile siku nne nilizoitwa, Shangazi, zote zilikuwa za giza.

Kinachonichanganya ni hiki. Huyu huyu Baraka, nikimwachia dagaa kwenye chanja awalinde na kunguru, anakaa saa nzima na zaidi, ufito mkononi. Kunguru akitua kwenye bati la jirani, ameshamwona. Zamu ikiwa yake sijawahi kupoteza hata kiganja cha dagaa. Dada yake, ambaye shuleni anasifiwa kwa utulivu, nikimpa zamu hiyo hiyo anasinzia, kuku wanakula.

Ratiba yetu ni hii. Siku za kazi naamka saa kumi kasorobo, nawaamsha Baraka na mdogo wake, nawapeleka kwa bibi yao, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Dada yao anaishi huko huko. Siwezi kuwaacha wawili hawa peke yao. Jioni wakishakula wanaangalia katuni kwenye simu yangu mpaka nimalize kufungasha mzigo, saa nne na nusu hivi, ndipo tunalala. Mbalamwezi ikikaza, mitumbwi haitoki, na mimi nalala nyumbani kama watu wengine. Mwaka jana ziwa lilipofungwa, Mei 15 mpaka Agosti 15, nilikuwa nauza mkaa hapo mlangoni. Baraka alikuwa darasa la awali, na hakuna aliyeniita.

Swali la mwisho. Akiwa na miaka miwili alishikwa na degedege la malaria, tukalazwa siku nne. Inawezekana kichwa chake kiliharibika pale?

Mama Baraka, Kigoma

*

Marahaba, Mama Baraka.

Nianze na mama mkwe wako, maana najua wasomaji wengi wanangoja nimcheke. Simcheki. Katika watu wote waliomtazama huyu mtoto, mimi na wewe na mwalimu tukiwemo, ni yeye peke yake aliyehesabu. Ameona siku za utulivu zinakwenda na mwanga, na siku za vurugu zinakwenda na giza, na kumbukumbu zako mwenyewe zinamuunga mkono. Alichokosea ni mshitakiwa.

Giza likishika, wavuvi wanatoka, kwa sababu taa zao zinavuta dagaa pale tu mwezi usipowashindania. Wavuvi wakitoka, wewe unaamka saa kumi kasorobo. Ukiamka wewe, anaamka Baraka. Tuhesabu pamoja: kutoka saa nne na nusu usiku mpaka saa kumi kasorobo amelala saa tano na robo. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anatakiwa alale kati ya saa 9 na 12 kwa siku. Wako anapata kama nusu. Na hapati nusu hiyo usiku mmoja wa msiba au wa harusi, anaipata kila siku ya kazi. Giza likichukua wiki mbili, hata ukitoa Jumapili, usingizi aliokosa unapita saa 40. Halafu mwezi unarudi, mama analala nyumbani, mtoto analipa deni, anaoga bila kusukumwa, na bibi anasema: mnaona?

Ziwa lilipofungwa miezi mitatu ile mwaka 2024, hukuwa unaenda mwaloni hata usiku mmoja, na hakuna aliyekuita. Sitaki kulitegemea hilo sana, kwa sababu darasa la awali watoto wanaimba na kucheza, na mapepe hayaonekani kirahisi mahali ambapo kila mtu anaruka. Lakini liweke kwenye hesabu.

Utaniuliza, mbona hasinzii? Mtu mzima akikosa usingizi anapiga miayo, kichwa kinamwangukia kwenye daladala. Mtoto wa miaka saba mara nyingi anafanya kinyume: anaruka zaidi, analia kwa jambo dogo, mkono unatangulia akili. Nilifundisha darasa la kwanza miaka 26, mingi nikiwa Tabora, na nakiri kosa ambalo nadhani walimu wengi wenzangu wamelifanya. Anayesinzia tulimhurumia tukamwacha alaze kichwa juu ya dawati. Anayeruka tulimsimamisha pembeni. Wote wawili walikuwa wamekesha, mmoja nyumbani kwao kulikuwa na ngoma, mwingine na mgonjwa.

Sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso ndiyo inayoshika breki. Ndiyo inayomwambia mtu: ngoja, usinyang'anye, umeandika "be", bado "bi", achana na bodaboda. Inakomaa polepole kuliko nyingine zote, mpaka mtu avuke miaka ishirini, na usingizi ukipungua ndiyo ya kwanza kuyumba. Kwa hiyo Baraka anaingia darasani na breki changa ambayo haijalala. Kumchapa kwa hilo ni kuchapa baiskeli kwa kukosa breki.

Basi, la kwanza ni hili, na kama utafanya moja tu katika yote ninayoandika, fanya hili. Siku za giza, watoto walale kwa bibi toka jioni. Usiwapeleke saa kumi, wapeleke saa moja usiku wakiwa wameshaoga na kula. Simu ibaki kwako. Saa mbili na nusu wawe kitandani, waamshwe saa kumi na mbili asubuhi. Hizo ni saa tisa na nusu, na wewe utatoka kwenda mwaloni bila kubeba mtoto anayelia gizani. Najua simu ndiyo inayokupa nafasi ya kufungasha mzigo, na sina ubishi na katuni zenyewe. Ubishi wangu ni saa. Akitaka katuni, aangalie mchana akitoka shule, kabla ya zamu ya chanja. Usiku aachiwe bibi na hadithi zake. Mtoto anayeitikia "Hadithi njoo!" halafu akanyamaza kungoja sungura atafanya nini, yuko kwenye mazoezi yale yale ambayo mwalimu anamtaka ayafanye, tena amelala chali.

Sasa tuje kwenye chanja la dagaa, maana hapo umeniandikia jambo kubwa kuliko ulivyodhani.

Miaka ya 1940 huko Umoja wa Kisovieti mtafiti mmoja aitwaye Manuilenko aliwapa watoto wadogo kazi ngumu kuliko zote za utotoni: simama, usitikisike. Walipoambiwa hivyo tu, dakika zilikuwa chache. Walipoambiwa wewe ni askari wa zamu, unalinda, walisimama muda mrefu zaidi, watoto wale wale, miguu ile ile. Baraka hajawahi kusikia habari za Manuilenko, lakini kila siku anarudia jaribio lake akiwa na ufito. Kwenye chanja ana cheo. Anajua adui ni nani, anajua kosa litaonekana wapi, akichoka kukaa anaweza kusimama na kuzunguka chanja bila kuacha kazi. Kazi inayoambatana na mwili anaiweza. Darasani kazi yake ni nini? Kutulia. Kutulia peke yake si kazi, Mama Baraka, hata wewe nikikuambia utulie saa nzima bila kukuambia kwa nini, utaanza kuhesabu mabati.

Nikutahadharishe hapa, maana nisingependa utoke na furaha isiyo na mwisho mzuri. Kuna watoto ambao umakini wao na utukutu wao ni tatizo la kitabibu, na hao pia wanaweza kuzama kwenye jambo wanalolipenda mpaka ukashangaa. Kwa hiyo zamu ya kunguru haitoshi kusema mtoto hana tatizo hilo. Madaktari wanaangalia kama dalili zimekaa miezi 6 au zaidi, kama zilianza kabla mtoto hajafika miaka 12, na kama zinaonekana sehemu zaidi ya moja, siyo shule tu. Wa kwako zinakuja na kuondoka na ratiba ya mitumbwi. Ndiyo maana naanza na usingizi. Lakini kama atalala vizuri miezi miwili mizima na bado hali ni ile ile nyumbani, kwa bibi na shuleni, hapo nenda hospitali.

Na kuhusu degedege: siwezi kukuambia kwa barua kwamba halikuacha kitu. Watafiti waliowafuatilia watoto wa Kampala waliopona malaria iliyopanda kichwani na kuwapoteza fahamu, walikuta miaka miwili baadaye kama robo yao bado wana shida ya kufikiri, kukumbuka au kuwa makini. Hiyo ni malaria ya kuzimia kabisa. Degedege fupi la homa ni jambo jingine, na wewe hukusema kama alipoteza fahamu kwa muda mrefu. Watatu kati ya wanne, hata katika wale waliozimia, hawakuonyesha shida hiyo. Ukienda hospitali, Maweni au kituo kilicho karibu, mweleze daktari siku zile nne. Mwombe pia amwangalie masikio na macho, apime damu na choo. Mtoto anayeoga ziwani anaweza kuwa na kichocho, na minyoo na upungufu wa damu vinamla mtoto nguvu za kufikiri taratibu bila kelele. Jambo moja la kutazama wewe mwenyewe: je, kuna wakati anakatika katikati ya sentensi, macho yanaganda sekunde chache, ukimwita hasikii, halafu anaendelea kama hakuna kilichotokea? Ukiliona hilo, usingoje miezi miwili.

Fimbo. Nakusema kidogo, uvumilie kwa sababu ulishikamoo mwenyewe.

Ruhusa uliyompa mwalimu hukuwa nayo. Kanuni za mwaka 2002 zinasema kiboko shuleni kinatolewa na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, visizidi vinne, na viandikwe kwenye kitabu. Mzazi hayumo. Lakini hata sheria tuiache pembeni, tuulize kama inafanya kazi. Nchi moja ya Afrika Magharibi, watafiti walilinganisha shule mbili za watoto wa familia zinazofanana, moja ya fimbo na moja isiyo na fimbo, wakichapisha matokeo mwaka 2011. Watoto wa chekechea wa shule zote mbili walikuwa hawajaachana kwenye michezo ya kupima breki ya akili. Walipopimwa wale wa darasa la kwanza, wa shule isiyo na fimbo walikuwa wamewaacha wenzao. Fimbo inamfanya mtoto atazame fimbo. Ikiondoka chumbani, aliyekuwa akimshikia breki ameondoka nayo. Nilichapa sana miaka yangu ya kwanza kazini, na darasa langu lilikuwa kimya mpaka nitoke kwenda kunywa chai.

Unachotakiwa kufanya ni kumhamishia breki ndani yake, na hilo linafanyika kwa mazoezi madogo madogo ya kila siku, mengi yakiwa michezo tunayoiita ya kitoto.

Unaujua mchezo wa nyama nyama. Anayeongoza anaita, "Nyama nyama nyama!" Wote wanaruka: "Nyama!" "Nyama ya ng'ombe!" "Nyama!" "Nyama ya mbuzi!" "Nyama!" Kasi inapanda, miguu imeshazoea kuruka, halafu ghafla: "Nyama ya nyoka!" Hapo aliyeruka amekwisha. Wanasaikolojia wana mashine za kupima jambo hilo hilo, kitufe cha kubonyeza na kitufe cha kuacha, na sisi tunalo uani bure. Ucheze na Baraka na mdogo wake dakika tano kabla ya chakula, wewe ukichambua dagaa. Ila badilisha sheria moja. Sisi tukikosea tunatolewa nje. Sasa fikiri: anayetolewa wa kwanza ni nani? Ni yule mwenye breki mbovu, ambaye ndiye aliyehitaji mazoezi, na anakaa pembeni kuwatazama wenye breki nzuri wakizidi kunoa. Kwenu asitoke mtu. Aliyekosea acheke, apige goti moja chini, arudi. Wakishauzoea, geuza: wiki hii tunaruka kwa nyama isiyoliwa, tunanyamaza kwa ng'ombe. Utaona wanavyohangaika, na wewe utahangaika kuliko wao. Nyama ya kunguru uihifadhi kwa Baraka.

Bibi naye ana dawa yake, ambayo bila shaka aliwahi kuitumia kwa mume wako: kumtuma dukani. "Leta chumvi na kiberiti." Asiandikiwe. Kabla hajaondoka aseme mwenyewe kwa sauti, "chumvi na kiberiti," na njiani aende anajisemea. Akiviweza viwili wiki nzima, ongeza sabuni. Ukimsikia anajisemea peke yake usimkataze, mtoto wa umri huu anajiongoza kwa sauti kabla hajaweza kujiongoza kwa mawazo. Mfundishe maneno mawili tu, "kwanza" na "halafu". Kwanza namaliza mstari, halafu natazama bodaboda. Haya maneno yakae mdomoni mwake mpaka yazame.

Kuhusu kunyang'anya na kushindwa kusubiri, jichunguze na wewe. Katika utafiti wa Rochester, Marekani, uliochapishwa mwaka 2013, watafiti waliwachukua watoto 28 wadogo wa miaka 3 hadi 5. Nusu walikutana kwanza na mtu mzima aliyewaahidi rangi nzuri zaidi za kuchorea na akazileta. Nusu waliahidiwa vile vile, na mtu mzima akarudi mikono mitupu. Baadaye wote wakaambiwa: ukisubiri usile hii pipi, nitakuletea ya pili. Waliotimiziwa ahadi walisubiri kama dakika 12 kwa wastani. Waliodanganywa, kama dakika 3. Hao wa dakika tatu hawakuwa wajinga. Walishajifunza kwamba ukingoja unakosa. Kwa hiyo "subiri, nitakupa" ukiisema, mpe, hata kama ni kipande cha muhogo. Ukijua huna, sema huna.

Shule sasa. Nenda siku ambayo hujaitwa. Mwalimu mwenye watoto 112 akimwona mzazi aliyekuja mwenyewe bila barua, ataogopa kwanza, kisha atafurahi. Mwombe radhi kwa ile "mchape" uliyomtwisha, kisha mwambie ulichogundua kuhusu usingizi. Usimpelekee mipango mingi, hana mikono ya kuibeba. Mwombe mambo matatu tu: Baraka akae mbele upande wa ukuta, mbali na dirisha; akipewa mistari mitano, aambiwe aandike mmoja, ainuke aupeleke kwa mwalimu, arudi aandike mwingine, yaani ruhusa ya kutembea iwe ndani ya kazi; na apewe zamu. Kufuta ubao, kugawa madaftari, chochote chenye cheo. Kama mwalimu atapenda, mwonyeshe nyama nyama. Dakika mbili kati ya kipindi na kipindi, watoto wote 112 pale pale walipo, na yeye ndiye atakayepata darasa lililotoa mvuke kabla ya kushika kalamu.

Zamu nyingine zinaharibika, nikuambie ukweli. Kule Tabora nilikuwa na kijana wa aina ya Baraka, nikampa kazi ya kupiga kengele, ambayo ilikuwa rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye mwembe. Siku ya pili akapiga ya mapumziko dakika kumi na tano kabla ya wakati, shule nzima ikamwagika nje, na mwalimu mkuu akaniita mimi, siyo yeye. Nilitaka kumnyang'anya nyundo. Mwalimu mmoja mzee akaniuliza, "Saa anaijua kusoma?" Hakuijua. Tulikuwa tumempa ulinzi bila kumwonyesha kunguru anafananaje. Nikachora uso wa saa kwenye boksi, mishale ikiwa pale inapotakiwa kuwa, nikamwambia afananishe na saa ya ofisini. Baada ya hapo alikosea mara moja moja tu, na alikuwa akikaa nusu kipindi akiandika, nusu kipindi akinyoosha shingo kuelekea ofisini, na nusu hiyo niliikubali.

Usitegemee muujiza wa wiki moja. Chukua kalenda, hata ile ya bure ya dukani, itundike kwa bibi. Kila jioni dada yake Baraka atie alama mbili: alilala kwa saa ngapi, na siku ya shule ilikwendaje, nzuri, wastani, mbaya. Bibi aendelee kuchora mwezi wake pembeni, nadhani ataifanya kazi hiyo vizuri kuliko sisi sote. Baada ya miezi miwili ya mwezi wa angani, kama Baraka analala vya kutosha hata kwenye giza, mtaona kama vurugu bado inafuata mwezi au inafuata usingizi. Akija mume wako, akute kalenda.

Bibi usimwambie kwamba mtoto anahamia kwake kwa sababu alikosea. Mwambie umeona alichokiona, na kwamba bila yeye jambo hili haliwezekani, kwa sababu ni kweli. Na zile shilingi 60,000 za mtaalamu zisitoke. Kwa bibi patahitajika godoro la watoto wawili na chandarua ambacho hakijatoboka, na kama zitabaki chache, mnunulie Baraka penseli mbili, moja iwe ya kuazima wenzake.